Kemia yetu imeipita Minjingu bila kusimama

Mwaka 1956 ndege ya utafiti wa madini ilipita juu ya nyika iliyo mashariki mwa Ziwa Manyara ikiwa imebeba kipima mionzi. Zama hizo mataifa makubwa yalikuwa na uchu wa urani, na kampuni za madini zilikuwa zikiisaka kila pembe ya Afrika. Kipimo kikapanda kuliko kawaida. Walioshuka kuchunguza hawakukuta mgodi wa urani. Walikuta kilima cha fosfeti, yaani mabaki ya kinyesi na mifupa ya ndege aina ya mnandi pamoja na samaki, yaliyorundikana enzi ambazo ziwa lilikuwa kubwa kuliko leo na kilima hicho, Minjingu, kikiwa kisiwa. Urani ilikuwamo, ila kwa uchache: sehemu mia kadhaa katika kila sehemu milioni za jiwe. Jiwe tunalosaga kuwa mbolea tulilipata kwa sababu linatoa mionzi.

Machimbo yalianza kazi mwaka 1983 kwa msaada wa Wafini, na sehemu kubwa ya jiwe ilikusudiwa kwenda kiwanda cha mbolea cha Tanga. Leo mabasi ya Babati, Singida na Dodoma hupita jirani na kilima hicho kila siku, na ndani yake wamo wanafunzi wanaokwenda na kurudi bweni. Sidhani kama kuna kisa kinachomfaa mwalimu wa sayansi nchini kuliko hiki. Lakini katika mtaala tuliokulia, mbolea ni mada ya kemia na mionzi ni mada ya fizikia, kila moja na daftari lake, mwalimu wake na maswali yake. Zote huangukia kidato cha nne, wakati darasa limeshaanza kukimbizana na mtihani wa taifa, na kinachosomwa ni kile kinachokaririka.

Ndiyo maana tuna wahitimu wanaoweza kukutajia, bila kupumua, masharti ya mchakato wa Haber: nyuzi joto 450, shinikizo la atmosfia 200, chuma kama kichocheo. Mpeleke mhitimu huyo duka la pembejeo, mwoneshe mfuko wa mbolea ya DAP ulioandikwa 18-46-0, umuulize una fosforasi kilo ngapi. Atakutazama. Mtajie neno mionzi, atakwambia saratani. Shule ilimpa majina na masharti. Haikumpa kiasi.

Nianze na mbolea, kwa kuwa hiyo ndiyo inayomgusa kila anayekula ugali.

Juu ya kila ekari moja ya shamba, kuanzia ardhini hadi mwisho wa anga, kuna zaidi ya tani 30,000 za naitrojeni. Chini yake mahindi yanageuka njano kuanzia ncha za majani ya chini kwa kukosa kilo 40 au 50 za kitu hicho hicho. Sababu ni kifungo. Atomu mbili za naitrojeni hewani zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mizizi haina nguvu ya kuvivunja. Radi huvivunja kiasi, na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage na kunde huvivunja kimyakimya. Ndiyo maana bibi zetu walichanganya mahindi na kunde bila kusoma kitabu chochote. Binadamu alichelewa. Mwaka 1909 Fritz Haber, Mjerumani wa Karlsruhe, alionesha kwamba naitrojeni na haidrojeni zikisukumwa kwa shinikizo kubwa juu ya kichocheo hutoa matone ya amonia. Carl Bosch akakifanya kitendo hicho cha mezani kuwa kiwanda, kule Oppau, mwaka 1913. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula chakula kinachotegemea naitrojeni iliyopita kwenye mitambo ya namna hiyo.

Vitabu vya shule huishia hapo, na kwa maoni yangu huishia pabaya, kwa sababu vinaacha swali ambalo mkulima wa Mbinga angelipenda kuliko yote: haidrojeni inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye gesi asilia. Methani huchanganywa na mvuke wa maji kwenye joto kali, haidrojeni inatengana, ndipo amonia inatengenezwa. Kisha amonia huunganishwa na kabonidioksidi, nayo kwa kiasi kikubwa ni masalia ya gesi hiyo hiyo, ikawa urea. Basi urea ni gesi asilia iliyogandishwa kuwa chembe nyeupe. Bei ya gesi ilipopaa Ulaya mwaka 2021 na vita vya Ukraine vikafuata Februari 2022, viwanda vya amonia vilipunguza uzalishaji, na mfuko wa urea Songea ukapanda hadi serikali ikalazimika kuweka ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23. Mkulima aliambiwa ni vita. Aliambiwa kweli, lakini mstari mmoja wa mlinganyo wa kemia ungemweleza vita vilipitia wapi hadi kufika shambani kwake.

Ungemfanya pia aulize swali zito zaidi. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha amonia Kilwa, haukujengwa. Tanga nako kiwanda chetu cha mbolea, kilichoanza miaka ya 1970, kilitegemea amonia na salfa kutoka nje, kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gesi yetu kubwa tunaichoma kupata umeme, na urea tunaipokea bandarini. Inawezekana hesabu za kiuchumi zina sababu zake. Mitaji ya viwanda vya amonia ni mikubwa kweli. Ila mjadala huo umeachwa kwa wahandisi na mawaziri, kwa kuwa wananchi waliosoma mchakato wa Haber hawakuambiwa kwamba unaanzia kwenye gesi kama ya Kilwa.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe. Simama saa moja katika duka la pembejeo lolote la Njombe au Makambako mwezi Novemba usikilize. Watu wanataja "ya kupandia" na "ya kukuzia", wanataja rangi ya chembe, wanalinganisha bei ya mfuko kwa mfuko. Namba zilizochapwa kwa maandishi makubwa hazitajwi. Urea ni 46, maana yake kila kilo 100 zina kilo 46 za naitrojeni, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. CAN ni 26 au 27, hivyo mfuko una kilo 13 hivi. Aliyenunua CAN kwa sababu ina bei pungufu kidogo, akidhani amepata kitu kile kile, amelipia naitrojeni karibu mara mbili. Kwa upande wa DAP kuna mtego mwingine ambao hata maofisa ugani wengine huupita: ile 46 ya katikati si fosforasi, ni oksidi ya fosforasi, desturi ya zamani ya maabara iliyobaki kwenye mifuko. Fosforasi yenyewe ni chini ya nusu ya hapo, kama kilo 10 katika mfuko wa kilo 50. Hiyo ni hesabu ya uzani wa atomu ya kidato cha pili.

Halafu kizibo. Mkulima wetu wa mahindi hupima mbolea ya kupandia kwa kizibo cha soda, kimoja kwa shimo, takriban gramu 5. Mimi naona hicho ni kifaa bora cha maabara kuliko vingi vilivyofungiwa kabatini shuleni, kwa sababu kipo na kinatumika. Mwanafunzi akipewa nafasi ya mashimo na ukubwa wa ekari, atajua vizibo vingapi vinamaliza mfuko. Akipewa urea iliyoachwa juu ya udongo wenye joto na unyevu, apigwe puani na harufu ya amonia inayopanda, ataelewa kwa nini mama yake anaambiwa aifukie: kimeng'enya kilichomo udongoni kinaivunja urea kuwa amonia, na amonia isiyofukiwa inarudi hewani. Fedha iliyotoka mfukoni inarudi kule Haber alikoichukua naitrojeni.

Minjingu ina somo lake pia, na hili limetugharimu. Jiwe la fosfeti lililosagwa tu, bila kutiwa asidi ya salfuriki kuwa mbolea inayoyeyuka haraka, hutegemea tindikali ya udongo wenyewe kuliyeyusha. Katika udongo wenye tindikali linafanya kazi, polepole, na hubakiza nguvu kwa msimu unaofuata. Katika udongo wenye alikali au chokaa nyingi linakaa kama lilivyotiwa. Miaka ile mbolea ya Minjingu iliposambazwa kwa ruzuku sehemu nyingi, wakulima wengi waliilalamikia. Mmoja anasema imemfaa, jirani wa wilaya nyingine anasema ameuziwa vumbi. Wote wawili wangeweza kuwa sahihi. Kipimo cha tindikali ya udongo, kinachofanyika kwa karatasi ya litmasi na maji ya mvua, kingemaliza nusu ya ugomvi.

Vumbi halisi nalo lipo. Mwaka 2024 nchini Kenya iligundulika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango wa ruzuku haikuwa na virutubisho vilivyoandikwa. Ndani mlikuwa na udongo wa diatomu, unga wa magamba ya mwani wa kale usio na naitrojeni ya kumfaa mkulima. Bunge lilichachamaa na waziri akafikishwa mbele ya kamati kwa hoja ya kumwondoa, akanusurika. Mimi nilichokiona katika sakata lile ni kwamba utapeli huo unahitaji mteja asiyeweza kuhakiki. Chembe ya mbolea ya amonia ukiisaga na chokaa mbichi na maji kidogo inatoa harufu kali puani. Udongo hautoi. Jaribio hilo limo katika kila kitabu cha kemia Afrika Mashariki, chini ya kichwa cha habari "utambuzi wa ioni".

Nisiache upande wa giza, maana na huo shule huupita. Haber yule yule ndiye aliyesimamia gesi ya klorini iliyofunguliwa dhidi ya askari kule Ypres tarehe 22 Aprili 1915, na baadaye akapewa Nobeli ya mwaka 1918 kwa amonia. Oppau ile ile, tarehe 21 Septemba 1921, ghala la mbolea lililipuka na kuua zaidi ya watu 500. Na tarehe 4 Agosti 2020 tani zipatazo 2,750 za ammoniamu naitreti zilizotelekezwa bandarini Beirut zilibomoa sehemu nzima ya jiji, zikaua zaidi ya watu 200. Hakuna chembe ya mionzi katika yote hayo. Mbolea iliyohifadhiwa ovyo imeua watu wengi mchana kweupe, lakini mtu wa kawaida ukimwuliza kipi kinamtisha, ghala la mbolea au neno nyuklia, jibu unalijua.

Tuingie basi kwenye hilo neno.

Kiini cha atomu kikiwa kizito mno au kimekosa uwiano hubomoka chenyewe na kutupa kitu: chembe ya alfa, chembe ya beta, au miali ya gama. Kubomoka mara moja kwa sekunde ni bekereli moja. Urani ya kawaida hupitia hatua 14 hadi ikawa risasi tulivu, na nusu ya kiasi chochote cha urani hiyo huhitaji miaka bilioni 4.5 kubomoka. Njiani huzaa radiamu, yenye nusu-uhai wa miaka 1,600, kisha gesi ya radoni, yenye siku 3.8 tu. Haya yanafundishwa. Kisichofundishwa ni kufanya hesabu ya mfuko ulio dukani.

Tuifanye. Chukua NPK 17-17-17, mfuko wa kilo 50. Ile 17 ya mwisho ni oksidi ya potasiamu. Ukiitoa oksijeni unabaki na potasiamu kilo 7. Katika potasiamu yote duniani, sehemu ndogo sana, kama 12 kwa kila 100,000, ni potasiamu-40 yenye mionzi, na kila gramu ya potasiamu hutoa bekereli 31. Zidisha: mfuko mmoja wa NPK una bekereli zaidi ya 210,000. Laki mbili! Ukiiweka namba hiyo kwenye kichwa cha habari bila maelezo, kesho duka limefungwa. Lakini wewe unayesoma hapa, kama ni mtu mzima wa kilo 70, una bekereli elfu 4 na ushei za potasiamu hiyo hiyo mwilini, kutoka kwenye ndizi, maharage na viazi ulivyokula. Na mtu anayesimama mita moja kutoka kwenye mfuko ule anapata mionzi kidogo kuliko ile inayomfikia muda wote kutoka ardhini na angani. Bekereli huhesabu mibomoko. Haisemi mwili umepokea nini. Kwa hilo kuna kipimo kingine, milisiverti, na wastani wa dunia ni 2.4 kwa mwaka kwa kila mtu kutokana na mionzi ya asili peke yake.

Sasa Minjingu. Watu wamewahi kuuliza, na wana haki ya kuuliza, kama mbolea yenye urani italeta urani kwenye sufuria. Tabaka la juu la udongo wa ekari moja, kina cha sentimita 20, lina uzito wa tani elfu moja hivi, na udongo wa kawaida una gramu karibu 3 za urani kwa tani. Ekari yako, hata kama haijawahi kuona mbolea tangu kuumbwa kwa dunia, ina kilo karibu 3 za urani. Mfuko wa kilo 50 wa jiwe la Minjingu unaongeza gramu 20 na kitu, na mizizi hunyonya urani kidogo mno. Kwa mlaji wa ugali, jambo hili halistahili kumkosesha usingizi.

Kwa mchimbaji ni tofauti, na hapa ndipo ninapogombana na wale wanaotaka kutuliza kila mtu kwa pamoja. Jiwe la Minjingu limepimwa na kukutwa na radiamu ya maelfu ya bekereli kwa kilo, wakati udongo wa kawaida duniani una wastani wa 35 hivi. Chembe ya alfa huzuiwa na karatasi, hata na ngozi iliyokufa. Ikiingizwa pafuni pamoja na vumbi, hakuna karatasi katikati. Radoni ikinaswa kwenye nyumba isiyopitisha hewa, iliyojengwa kwa mawe ya aina hiyo, hukaa na wenye nyumba wakiwa wamelala. Shirika la Afya Duniani linaitaja miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara. Kijana anayebeba magunia ya jiwe anahitaji barakoa nzuri, vumbi linyunyiziwe maji, na nyumba yake iwe na madirisha. Huyo ndiye aliyehitaji somo la mionzi kuliko mwanafunzi anayekwenda kusomea udaktari, na huenda ndiye aliyeishia kidato cha nne.

Maswali makubwa zaidi yako njiani. Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna urani ya Mto Mkuju. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulisogezwa kwa ajili yake, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Kenya, wakazi wa Uyombo huko Kilifi wamepinga hadharani mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao. Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, mgodi wa Shinkolobwe ulitoa urani iliyotumika katika mradi wa mabomu ya Marekani, na wachimbaji wa Kikongo hawakuambiwa wanachobeba. Mijadala hii haiwezi kuendeshwa kwa hofu upande mmoja na kwa tabasamu la mwekezaji upande mwingine. Mwanakijiji wa Likuyu, huko Namtumbo, anayeweza kuuliza "maji ya kisima changu yana bekereli ngapi kwa lita, zilipimwa lini, na zilikuwa ngapi kabla hamjaja?" ni mgumu kudanganywa, iwe na kampuni au na mwanaharakati.

Na ajue pia mionzi imetufanyia nini. Mji ule ule wa Tanga uliokuwa na kiwanda cha mbolea ulikuwa na maabara iliyozalisha mbung'o madume, ikawapiga kwa miali ya gama hadi wakawa tasa, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Kufikia mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o, na ng'ombe wakapona ugonjwa wa nagana. Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi kila siku ya kazi. Fosforasi-32, yenye nusu-uhai wa siku 14, imewasaidia watafiti wa kilimo kujua ni kiasi gani cha mbolea kinaingia kweli kwenye mmea na kiasi gani kinabaki udongoni. Mada mbili zilizotenganishwa shuleni zimekuwa zikifanya kazi pamoja shambani kwa miaka mingi.

Nina ombi kwa Baraza la Mitihani. Wekeni swali moja, lenye alama za kutosha ili walimu walazimike kulifundisha: mpeni mtahiniwa lebo ya mfuko wa NPK, bei yake na bei ya urea, aseme ipi ina naitrojeni kwa bei nafuu, kisha akokotoe bekereli za potasiamu zilizomo, na aeleze kwa nini muuza duka hahitaji kuogopa ilhali mchimbaji wa Minjingu anahitaji barakoa. Tume ya Nguvu za Atomiki ina maabara Arusha, si mbali na kilima chenyewe; iziombe shule zilete vifuko vya udongo, izirudishie namba. Na walimu wa kemia na fizikia wa shule moja wapewe kipindi kimoja cha pamoja kwa muhula. Vifaa vinavyohitajika kuanza ni mfuko mtupu wa mbolea, kizibo cha soda na karatasi ya litmasi.